Safu ya Tatu

Mwaka 2022, nikiwa na miaka 22, nilijitolea katika kampeni ya mgombea wa kiti cha mwakilishi wadi huko kwetu, magharibi mwa Kenya. Sikulipwa wala sikuomba malipo. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya historia, sina kazi, na nilimwamini mtu yule kwa sababu alijua kusikiliza. Alinipa daftari akaniambia nipite boma kwa boma niandike kila mtu anataka nini kwanza.

Nilipita maboma 214. Safu ya kwanza jina, ya pili nambari ya simu, ya tatu shida. Shida iliyorudi mara nyingi zaidi ilikuwa moja: zahanati haina dawa. Nyanya mmoja mwenye shinikizo la damu aliniambia kwamba kila akienda huandikiwa karatasi akajinunulie dawa sokoni, na asipokuwa na pesa huiweka karatasi chini ya godoro. Aliinua godoro akanionyesha karatasi sita. Nikamwambia, "Nyanya, tukishinda haya yatakwisha." Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Maneno yalikuwa yangu.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Agosti, mratibu wa kampeni aliniomba daftari. Vijana wawili wakaketi nalo mezani, wakinakili safu mbili za kwanza kwenye simu zao. Kabla ya mapambazuko shilingi 200 zilikuwa zimeanza kuingia katika simu za watu wetu. Safu ya tatu hakuna aliyeisoma. Nilisimama mlangoni nikitazama, nisiseme neno. Asubuhi walinirudishia daftari langu. Tulishinda, nami nikacheza barabarani pamoja na wengine.

Mwaka uliofuata nilijiunga na masomo ya uzamili Nairobi, nikachagua kuandika tasnifu kuhusu uchaguzi wa 1992. Nilidhani ninakwenda mbali na habari zangu.

Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kilifutwa na Kenya ikarudi kwenye vyama vingi. KANU, iliyozoea kutawala peke yake, ililazimika kuomba kura kwa mara ya kwanza katika miaka mingi. Ndipo likaibuka kundi la Youth for KANU '92, likiongozwa na Cyrus Jirongo, ambaye alikuwa na miaka 31 tu. Miongoni mwa vijana wa kundi hilo alikuwemo William Ruto, ambaye mwaka ule niliobeba daftari ndio alioapishwa kuwa rais. Kundi lilimwaga pesa nchi nzima, hata noti ya shilingi 500 ikapewa jina mitaani: Jirongo. Pesa zilizoingizwa sokoni nyakati zile zilichangia kupandisha bei za vitu, na mwaka 1993 wananchi wakalipia unga kwa uchungu.

Nikisoma magazeti ya miezi ile maktabani, nilikuwa nikitafuta jambo jepesi: uthibitisho kwamba kura zilinunuliwa na hadithi ikaisha hapo. Lakini hesabu inakataa wepesi huo. Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 tu. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga, wakijumlishwa, walipata zaidi ya asilimia 60. Kilichowaangusha zaidi ni kugawanyika kwao. Kama pesa zilikusudiwa kununua nchi, basi wengi walizila na kupiga kura walivyotaka.

Nilimpelekea mjomba swali hilo. Mwaka ule alikuwa kijana, na anakiri alipokea Jirongo mbili.

"Na kura ulimpa nani?"

Akacheka. "Hiyo ni yangu na sanduku."

"Basi pesa haikufanya kazi."

"Ilifanya," akasema, na kicheko kikamtoka usoni. "Mwaka uliofuata barabara yetu ilikatika. Tukakaa chini tujadili nani aende kwa mheshimiwa. Hakuna aliyetaka kwenda. Ungeenda kumdai nini? Alishakulipa."

Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo katika kitabu chochote nilichosoma. Mimi nilikuwa nikifikiri hongo hununua siku moja ya kupiga kura. Kumbe hununua miaka mitano inayofuata: inalifunga deni kabla mtu hajalidai. Zile shilingi 200 zilitumwa kwa watu 214 ambao siku chache kabla walikuwa wametaja wanachodai, na orodha ya kuwalipa wanyamaze niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Nilipokwenda nyumbani Desemba nilipita kwa yule nyanya. Aliniuliza, bila hasira, "Mjukuu wangu, kile kitabu ulichoandika ulikipeleka wapi?" Nikamweleza yote, na pesa zile zilikotoka. Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema alizinunulia dawa, zikamtosha wiki moja, na akaniambia niketi, chai inakaribia kuiva. Karatasi zimefika ngapi sikuthubutu kuuliza.

Siamini tena kampeni, na fulana ile nimeifanya tambara la kupigia deki. Lakini katiba ya 2010 inataka wananchi wasikilizwe kabla bajeti haijapitishwa, na kikao cha maoni kilipoitishwa katika wadi yetu nilisafiri usiku kucha nikafika. Waliohudhuria hawakuzidi ishirini. Zamu yangu ilipofika nilifungua daftari, nikaanza kusoma safu ya tatu, boma moja baada ya jingine, bila majina. Nilikuwa nimefika boma la 31 mwenyekiti aliponiambia muda wangu umekwisha.

Nikamwomba aandike kwamba yamebaki 183.