Kipisi na Mkataba wa Miaka 30

Wadau, nipo stesheni ya Ifakara, nawaza. TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kwa msaada wa China 1970-1975 ili shaba ya Zambia ifike Dar. Lakini watu wa bonde la Kilombero waliifanya yao: treni fupi, waliyoiita kipisi, ilisimama stesheni ndogondogo na akina mama wakapakia mchele na ndizi.

Kukodisha reli si jambo geni kwetu. Mwaka 2007 Reli ya Kati walipewa RITES ya India kwa miaka 25. Ndoa haikufika miaka mitano. Septemba 2025 ikawa zamu ya TAZARA: CCECC ya China, miaka 30.

Shaba ina wasemaji. Gunia la mama wa Mlimba je, litasemewa na nani?