Stalin na Onyo la Churchill

Aprili 1941 Churchill alimpelekea Stalin onyo kuhusu vifaru vya Hitler kuhamishiwa Polandi. Stalin hakulijali. Wanachuo wangu walikuwa wakiniuliza kama alikuwa mjinga. La, hasha! Machoni pake Waingereza walikuwa mabepari wajanja, waliotaka kumgombanisha na Hitler, mwenzake wa mkataba wa 1939, kisha wakae pembeni watazame. Mei, Rudolf Hess aliporuka kwa ndege hadi Uskoti, shaka ilizidi: huenda wale wawili wanapatana! Hata habari za Richard Sorge, jasusi wake mwenyewe huko Tokyo, alizidharau. Na nani angethubutu kumbishia, baada ya majenerali kuuawa 1937 na 1938? Nafaka ya Urusi iliendelea kuvuka mpaka kwenda Ujerumani hadi usiku wa kuamkia Juni 22, Wajerumani walipovamia.