Binadamu na Watu: Kesi ya Waogiek wa Mau

Msomaji wa Kiswahili akikutana kwa mara ya kwanza na jina la Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ana haki ya kuguna: binadamu na watu, si walewale? Kisheria si walewale. Binadamu ni mmoja mmoja; watu, kwa maana ya Mkataba wa Afrika uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, ni jamii nzima yenye jina lake, ardhi yake na desturi zake. Kesi ya Waogiek, warina asali wa msitu wa Mau, nchini Kenya, ilisimama juu ya tofauti hiyo. Dhuluma waliyotendewa haikuanza siku walipovunjiwa nyumba. Ilianza pale dola ilipokataa kuwahesabu kuwa watu, na mengine yote yakafuata kwa wepesi wa kutisha.

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliunda tume ya ardhi chini ya Morris Carter, aliyekwisha kuwa Jaji Mkuu wa Uganda na kisha Tanganyika. Walowezi walikuwa wameshajitwalia ardhi. Tume iliangalia makabila yabaki na nini. Makabila makubwa yalichorewa mipaka. Waogiek walipendekezewa wamezwe na majirani wenye maeneo yao. Hata jina lao halikutumika: kwenye makaratasi walikuwa Wandorobo, jina walilobandikwa na Wamaasai, ambao kwao asiye na ng'ombe ni fukara, nacho Kiswahili kikalipokea bila kuuliza. Pendekezo kama hilo linamwingia akilini tu anayeamini kwamba mrina asali huzurura msituni na hana pake. Ukweli ulikuwa mwingine. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa msitu, uliopanda kutoka chini hadi kwenye mianzi ya juu, na mara nyingi mto ndio uliokuwa mpaka. Nyuki ndio waliolazimisha umbo hilo: maua hayachanui wakati mmoja bondeni na mlimani, hivyo mrina alipanda na kushuka akiyafuata ndani ya eneo la ukoo wake. Mizinga, magogo yaliyotobolewa na kutundikwa juu ya miti, ilikuwa na wenyewe. Ofisa aliyemwona mtu akikwea na kijinga cha moshi na mfuko wa ngozi alidhani anatangatanga, kumbe mwenzake anakagua mali yake.

Uhuru ulipokuja, ramani haikubadilika. Asiye na eneo la kabila alibaki mvamizi kwenye msitu wa serikali, na mvamizi hufukuzwa kwa tangazo tu, kama lile la Oktoba 2009 lililotoa siku 30 za kuhama. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliipeleka kesi Arusha mwaka 2012, na hukumu ikasomwa tarehe 26 Mei 2017. Majaji walikuta haki za mali, dini, utamaduni na maendeleo zimevunjwa. Lakini kwangu kiini ni ibara ya 2 ya Mkataba, ile ya ubaguzi: makundi mengine yalitambuliwa kuwa makabila na yakapata ardhi, Waogiek hawakutambuliwa, wakaikosa.

Serikali ilijitetea kwa hoja kuu mbili. Kwanza, Mau ni chemchemi ya mito ya nchi na lazima ilindwe. Lazima, naam, ila serikali hiyohiyo mwaka 2001 iliumega msitu huo na kuugawa kwa makazi, na mahakama haikuoneshwa ushahidi kwamba Waogiek ndio waliouharibu. Pili, kwamba wengi wao siku hizi ni Wakristo, wanalima, wanavaa kama wengine, hivyo si tena Waogiek wa zamani. Hoja hii inachekesha kidogo. Mkikuyu au Mjaluo mwenye suti na simu haambiwi amepoteza kabila lake. Ni mnyonge peke yake anayedaiwa abaki kwenye ngozi ndipo aaminike. Majaji nao waliona kwamba mabadiliko hayafuti utambulisho. Wala hawakuwapa walalamikaji kila walichoomba: dai la kuvunjwa kwa haki ya uhai lilikataliwa, kwa kuwa haikuthibitika kwamba kufukuzwa ndiko kulikosababisha vifo.

Wako wanaouliza hukumu isiyo na askari wa kuitekeleza inafaa nini. Swali ni halali. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama iliamuru Waogiek walipwe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali, tena wapewe hatimiliki ya pamoja. Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena, huko Sasimwani, Narok. Safari hii, hata hivyo, waliobomoa walikuwa wakivunja amri iliyoandikwa, yenye tarehe, na ndani yake wenye nyumba wametajwa kwa jina lao wenyewe.