Imla Iliyofunga Mlango: Australia, 1901–1958

Tukiulizwa kwa nini mgeni hunyimwa ruhusa ya kukaa ugenini, aghalabu hutaja upungufu wa hati, fedha au mwenendo wake. Historia, hata hivyo, yaonyesha sababu nyingine inayotuhusu sisi wanafunzi wa lugha: mgeni hukataliwa kwa kutoijua lugha aliyochaguliwa makusudi ili asiijue.

Asili ya hila hii ni Natal. Mwaka 1897 koloni hilo, likitaka kuwazuia Wahindi, lilitunga sheria isiyotaja rangi wala kabila. Ilimtaka mgeni aandike ombi lake kwa lugha ya Ulaya. Mwaka huo huo Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwashauri mawaziri wakuu wa makoloni waige mfano huo.

Australia iliufuata mwaka 1901. Afisa alimsomea mgeni maneno 50 kwa lugha yo yote ya Ulaya, naye ayaandike. Lugha aliichagua afisa. Aliyejua Kiingereza aliweza kupewa Kifaransa. Mwaka 1905 sheria ilirekebishwa, ikataja “lugha iliyoagizwa”, ili Wajapani wasiudhike. Lakini hapana lugha iliyopata kuagizwa, na zile za Ulaya zikaendelea kutumika. Hadi 1909 watu 1,359 walijaribiwa, wakafaulu 52. Tangu hapo hakufaulu hata mmoja.

Mwaka 1934 alifika Egon Kisch, mwandishi mzaliwa wa Prague na mpinzani wa Wanazi, aliyejua lugha kadhaa za Ulaya. Akapewa imla ya Kigaeli cha Uskoti, akahukumiwa kwa kushindwa. Mahakama Kuu ilitengua hukumu hiyo: majaji walio wengi waliona kwamba Kigaeli si lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria, kwa kuwa hakikuwa chombo cha kawaida cha mawasiliano cha jumuiya nzima katika shughuli zake zote. Kisch aliokoka, lakini lugha yenye fasihi ya karne nyingi ilivuliwa hadhi mahakamani.

Imla ilifutwa mwaka 1958. Hata leo mataifa kadhaa hudai mtihani wa lugha kwa waombao ukaazi. Mtaalamu aulizwapo juu ya mtihani wa namna hiyo, na atazame kwanza ni nani aichaguaye lugha, na kama mwombaji ameambiwa mapema apate kujifunza. Pasipo hayo, mtihani haupimi ujuzi. Huficha tu uamuzi uliokwisha kukatwa.