Kuku 300 na unga wa njano

Kwenye duka la dawa za mifugo, Kibaha, swali la kwanza ni kuku wangapi. La pili ni wiki ya ngapi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jirani yangu, mama anayefuga kuku wa nyama uani kwake, nikingoja aulizwe wanaumwa nini. Hakuulizwa. Kijana wa dukani alipeleka mkono rafu ya juu bila hata kuangalia, akashusha pakiti ya OTC, akasema, "Hii mama, changanya kwenye maji ya asubuhi." Biashara ikaisha.

Unga ule ni wa njano. Jina lake refu ni oksitetrasaiklini, lakini hakuna anayelitumia. Kwa mfugaji ni OTC, iwe ya unga au ya sindano. Na dawa hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye chakula cha kuku wa daktari mmoja wa Boston, ambaye Septemba 1976 alichapisha matokeo yake katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Kurasa zenyewe ni sita tu. Nimezisoma sambamba na ripoti ya Kamati ya Swann ya Uingereza ya mwaka 1969, na mengi ya makala haya nimeyachota humo. Msomaji atagundua nimeegemea upande gani, na sioni sababu ya kuficha.

Kabla ya Boston kulikuwa na Pearl River, mji mdogo katika jimbo la New York, ilipokuwa maabara ya kampuni ya Lederle. Mwaka 1948 Lederle walikuwa wameanza kuuza Aureomycin, dawa iliyopatikana kutoka kwa kijidudu cha udongoni na kupewa jina hilo kwa sababu ya rangi yake ya dhahabu. Ilitengenezwa kwa kuchachusha ndani ya mapipa makubwa, na baada ya dawa kukamuliwa yalibaki machicha. Thomas Jukes, mtaalamu wa lishe mzaliwa wa Uingereza, alikuwa akitafuta kitu rahisi cha kuwapa vifaranga vitamini B12, maana kimiminika cha ini kilikuwa ghali. Akawalisha machicha. Siku ya Krismasi mwaka huo, wenzake wakiwa majumbani, Jukes alikuwa maabara akipima uzito wa vifaranga. Waliokula machicha ya Aureomycin walikuwa wamewazidi hata waliolishwa ini.

Yeye na mwenzake Robert Stokstad walichukua muda kuelewa kwamba vitamini haikuwa siri yote. Mabaki kidogo ya dawa yaliyosalia kwenye machicha ndiyo yaliyowanenepesha vifaranga. Aprili 1950 habari ikatangazwa kwenye mkutano wa wanakemia huko Philadelphia, magazeti yakaipeleka ukurasa wa mbele, na kuanzia hapo mbio zikawa za wafugaji. Mwaka 1951 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu antibiotiki kwenye chakula cha mifugo bila cheti cha daktari. Uingereza ikafuata mwaka 1953 kwa nguruwe na kuku. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alikuwa ameshaonya akipokea Nobeli Desemba 1945 kwamba dozi ndogo huwafundisha bakteria kuikataa dawa. Na dozi ndogo, kila siku, kwa kundi zima, ndiyo hasa iliyokuwa ikichanganywa kwenye pumba.

Dalili hazikuchelewa. Mwaka huo huo wa 1951 watafiti wawili wa California, Starr na Reynolds, waliwalisha batamzinga streptomaisini wakaona bakteria wa matumboni mwao wakiacha kuijali. Wajapani nao, waliokuwa wakihangaika na kuhara damu baada ya vita, waligundua jambo la kutisha zaidi mwishoni mwa miaka ya 1950: bakteria wanapeana usugu. Kijidudu kimoja kinamwachia mwenzake kipande kidogo cha vinasaba cha mviringo, plasmidi, kama wanafunzi wanaopitishiana majibu chini ya dawati, na kipande kimoja kinaweza kubeba usugu wa dawa nne kwa mpigo. Wala hawahitaji kuwa ndugu. Bakteria wa kuku asiye na madhara anaweza kumpa somo bakteria wa homa ya matumbo.

Uingereza ilijifunza hilo kupitia ndama. Ndama wa wiki moja au mbili walikuwa wakikusanywa na madalali, wakichanganywa, wakisafirishwa nchi nzima huku wakidungwa dawa hii na ile ili wasife njiani. Katikati ya miaka ya 1960 E. S. Anderson, aliyeongoza maabara ya vijidudu vya tumbo huko Colindale, London, alifuatilia aina moja ya Salmonella iliyosambaa kutoka kwa ndama hao hadi kwa watu, ikiwa sugu kwa dawa nyingi. Anderson hakuwa mtu wa kunyamaza, na kelele zake zilichangia kuundwa kwa kamati ya Profesa Michael Swann mwaka 1968. Ripoti ya Novemba 1969 ilitaka penisilini na tetrasaiklini ziondolewe kwenye chakula cha kukuzia. Ziliondolewa mwaka 1971, lakini mlango wa nyuma ulibaki wazi: daktari wa mifugo akiandika cheti, dawa ile ile inarudi kwenye kihori kile kile kwa jina la tiba.

Sasa tuje kwa yule daktari wa Boston.

Stuart Levy alikuwa mtoto wa daktari, na pacha wake wa kufanana, Jay, alikuja kuwa mmoja wa wagunduzi wa virusi vya UKIMWI. Mwaka 1974 Stuart alikuwa kijana katika Chuo Kikuu cha Tufts alipopata fedha za kupima swali lililokuwa likibishaniwa: je, dawa iliyo kwenye chakula cha kuku inaweza kubadili bakteria wa tumboni mwa binadamu anayewalisha? Fedha zilitoka kwa umoja wa watengenezaji wa dawa za mifugo wenyewe. Walitarajia jibu gani, hilo ni rahisi kukisia.

Levy alitafuta shamba ambalo halikuwa na kuku wa biashara, akalipata nje kidogo ya Boston, kwa familia kubwa yenye watoto wa kutosha kusaidia kazi. Akawaletea vifaranga 300. Wakagawanywa nusu kwa nusu kwenye vizimba: nusu walikula chakula cha kawaida, nusu walikula chakula kile kile kikiwa na oksitetrasaiklini kidogo. Kazi ya familia ilikuwa kulisha, kusafisha, na kila wiki kutoa sampuli za kinyesi, za kuku na za kwao wenyewe. Majirani wasiokuwa na kuku wale nao walitoa zao, wawe kipimo cha kulinganishia. Mtu anayejua kazi ya kumbembeleza mtoto atoe choo kwa ajili ya hospitali atawaheshimu wazazi wale. Hii haikuwa mara moja. Iliendelea miezi na miezi.

Ndani ya wiki moja tu tangu chakula chenye dawa kianze kutolewa, karibu bakteria wote wa matumboni mwa kuku waliokila walikuwa hawaisikii tetrasaiklini. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichofuata ndicho kilichowafanya watu wasome mara mbili. Polepole, bakteria sugu walianza kuonekana kwenye sampuli za familia. Kufikia mwezi wa tano na wa sita, asilimia 31.3 ya sampuli za wiki za watu wa shambani zilikuwa na bakteria ambao zaidi ya asilimia 80 yao walikuwa sugu kwa tetrasaiklini. Kwa majirani ilikuwa asilimia 6.8. Na watu wa shambani walikuwa hawajameza kidonge chochote cha jaribio lile. Walishika ndoo na kufagia mbolea tu.

Kikaja kibaya kuliko hicho. Bakteria hawa walikuwa sugu kwa dawa nyingine ambazo hazikuwahi kuwekwa kwenye chakula, na usugu huo ulikuwa ule wa kupeana. Umelisha dawa moja, umeota usugu wa nyingi. Mwaka huo huo wa 1976, katika jarida la Nature, Levy na wenzake walieleza jaribio jingine ambamo plasmidi zilifuatwa zikihama kutoka kuku hadi kuku, na kutoka kuku hadi mtu.

Habari moja njema imo kwenye kurasa zile, nayo hutajwa mara chache. Chakula chenye dawa kilipoondolewa shambani, miezi sita baadaye watu wanane kati ya kumi waliopimwa hawakuonekana tena na bakteria sugu kwenye sampuli zao. Baadaye maabara ya Levy ilionyesha kijidudu kinafanyaje: kina kipampu kwenye ngozi yake, dawa ikiingia kinaisukuma nje, kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja.

Ungedhani ubishi umekwisha. Ndiyo kwanza ulianza. Mwaka 1977 mkuu mpya wa FDA, Donald Kennedy, alitangaza kwamba penisilini na tetrasaiklini zitaondolewa kwenye chakula cha mifugo. Mbele yake akasimama Jamie Whitten, mbunge wa Mississippi, mwenyekiti wa kamati ndogo iliyoshika mfuko wa FDA. Ushahidi hautoshi, ikasemwa; fanyeni utafiti zaidi. Ukafanyika. Ukatakiwa mwingine. Jukes mwenyewe, sasa profesa huko Berkeley, aliendelea kwa miaka mingi kuandika akitetea uvumbuzi wake na kuwakejeli wenye hofu. Alifariki mwaka 1999 akiwa hajabadili msimamo. Tangazo la Kennedy lilikaa kwenye faili miaka 34, likaondolewa kimyakimya siku tatu kabla ya Krismasi ya 2011. Marekani ilikuja kukomesha matumizi ya kunenepesha kwa dawa zinazotegemewa na binadamu mwaka 2017.

Wengine hawakusubiri. Sweden ilipiga marufuku mwaka 1986, Denmark ikaanza na avoparsini mwaka 1995, na tangu tarehe 1 Januari 2006 Umoja wa Ulaya wote umeacha antibiotiki za kukuzia. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kukuta kwa nguruwe kinasaba kinachopitisha usugu wa kolistini, mojawapo ya dawa za mwisho hospitalini; China ikaiondoa kwenye chakula cha mifugo mwaka 2017.

Na sisi? OTC haikuingia kwetu kwa mlango wa kunenepesha. Kwa wafugaji wa ng'ombe ilikuja na heshima. Wanasayansi wa Muguga, Kenya, katika kituo kilichokuwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndio waliobuni chanjo ya ndigana kali: ndama anadungwa vimelea hai karibu na sikio, na papo hapo anachomwa OTC ya kukaa muda mrefu mwilini ili ugonjwa usimzidi nguvu. Kisha anavishwa hereni. Ni kazi ya kujivunia, na imeokoa ndama wengi wa Wamaasai pande zote mbili za mpaka. Mzee aliyeona ndama wake wakipona kwa sindano ile, utamwambiaje asiiamini?

Kosa lilikuja kwingine. Miaka ya 1980 na 1990 serikali zetu zilipojiondoa kwenye huduma za mifugo, bwana mifugo wa kata alibaki jina, na nafasi yake ikachukuliwa na kaunta. Duka likawa zahanati. Kuku wakisinzia na kuharisha kijani, mfugaji anapewa OTC, wakati mara nyingi ule ni mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Huo ni ugonjwa wa virusi, na OTC na virusi havijuani. Chanjo yake, tone moja la jicho, inatengenezwa hapo hapo Kibaha, mwendo mfupi kutoka rafu ile. Tanzania na Kenya zote zilizindua mipango ya taifa ya kupambana na usugu mwaka 2017. Wizarani wameupa jina, UVIDA, na kila Novemba kuna wiki yake yenye mabango. Sijakutana na bango hata moja ndani ya duka la dawa za mifugo.

Jirani yangu alichanganya unga ule siku nne mfululizo. Kuku wawili walikufa, waliobaki wakachangamka. Lebo ya pakiti inataka siku kadhaa zipite tangu dozi ya mwisho kabla ya kuchinja, nami nilimsomea. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza mfuko wa chakula siku hizi nauona ni shilingi ngapi.

Mnunuzi alifika alfajiri ya Jumamosi na matenga yake na mzani wa kuning'iniza. Kuku wa kwanza alivuka kilo moja na nusu. Kwenye chombo cha maji, kona ya banda, maji yalikuwa bado ya njano.