Rekodi za DNS na majina ya seva ya tovuti

Rekodi za DNS ni maelezo mafupi yanayounganisha jina la kikoa, kama vile mfano.co.tz, na anwani ya IP ya seva inayohifadhi tovuti. Mfumo wa DNS ulibuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla ya hapo majina yote ya kompyuta za mtandao wa ARPANET yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na taasisi ya SRI huko California, na kila kompyuta ililazimika kulinakili.

Vikoa vinavyoishia na .ke husimamiwa na KeNIC. Mwenye kikoa hukiandikisha kwa msajili, kisha rekodi za NS hutaja seva za majina zitakazokijibia.

Rekodi ya A hubeba anwani ya IPv4, mathalani 192.0.2.10, na AAAA hubeba ya IPv6. CNAME hulifanya jina moja kuwa lakabu ya jingine: www.mfano.co.tz inaweza kuelekezwa kwa mfano.co.tz. Kinyume chake hakiruhusiwi, kwa kuwa jina lenye CNAME halibebi rekodi nyingine za kawaida, ilhali kikoa chenyewe lazima kiwe na rekodi za SOA na NS. MX huelekeza baruapepe, nayo husahaulika kwa urahisi tovuti inapohamishwa kwa haraka.

Kila rekodi ina TTL, yaani sekunde ambazo jibu lake laweza kuhifadhiwa njiani. TTL ikiwa 86400, wageni huweza kupelekwa kwenye seva ya zamani kwa siku nzima. Mafundi husema mabadiliko “yanasambaa”. Kwa kweli hakuna kinachosambazwa, yanasubiriwa tu majibu ya zamani yaishe muda. Anayejiandaa kuhama hushusha TTL hadi 300 mapema, kabla ile ndefu haijaanza kumsumbua.

DNS humfikisha mgeni kwenye seva tu. Tovuti ipi aonyeshwe huamuliwa na seva yenyewe, kwa jina ambalo kivinjari hulitaja katika kila ombi. Ndiyo maana anwani moja huhudumia tovuti nyingi. Katika programu ya seva ya Apache jina huandikwa kwenye ServerName na lakabu zake kwenye ServerAlias. Nginx hutumia server_name. Jina lisipoandikwa hapo, mgeni huweza kuletewa tovuti ya mtu mwingine kabisa, na lawama hutupiwa DNS bure. Amri ya dig, inayoiuliza DNS, ikirudisha anwani sahihi huku ukurasa ukiwa siyo, hitilafu itafutwe kwanza kwenye mipangilio ya seva.