Kitabu Kilichokamatwa

Wasikilizaji wetu, kutiwa gerezani kwa mtungaji wa vitabu ni jambo la tangu zamani. Leo twapenda kuwasimulia habari iliyo adimu zaidi: kitabu chenyewe kilikamatwa, na mwenye kukitunga akaachwa.

Mtungaji huyo ni Vasily Grossman, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1905 katika mji wa Berdichev, nchi ya Ukraine. Wakati wa vita na Wajerumani aliliandikia gazeti la jeshi la Kisovieti, akayaona kwa macho yake mapigano ya Stalingrad. Mama yake aliuawa na Wajerumani huko Berdichev mwaka 1941. Mambo ya vita hivyo aliyatungia kitabu kikubwa, Maisha na Majaliwa, na ndani yake alithubutu kuonyesha kwamba utawala wa Stalin ulifanana kwa mengi na ule wa Hitler.

Tangu mwaka 1922 palikuwa na idara, Glavlit, iliyokagua maandiko kabla ya kupigwa chapa. Safari hii kukataza kupiga chapa hakukutosha. Mwaka 1960 Grossman alikipeleka kitabu kwa jarida moja la Moscow, nacho kikafikishwa kwa wakubwa. Februari 1961 polisi wa siri wakaingia nyumbani kwake, wakachukua miswada, karatasi nyeusi za kunakilia, hata tepe za wino za mashine ya kuandikia, maana utepe huweza kubaki na alama za herufi zilizopigwa. Nao wapiga taipu waliendewa. Twastaajabu: dola iliyomrusha mtu angani miezi miwili baadaye iliogopa utepe wa wino!

Grossman alimwandikia Khrushchev, akitaka kitabu chake kiachiliwe. Mwaka 1962 akaitwa mbele ya Suslov, msimamizi wa mafundisho ya chama, ambaye alikiri kwamba hakukisoma, ila alisoma maelezo ya waliokisoma, akakataa. Mwaka 1964 Grossman akafa kwa saratani, asijue kama kitasomwa.

Lakini alikuwa ameficha nakala kwa rafiki. Mshairi Semyon Lipkin alitunza moja kimya miaka mingi; kisha ikapigwa picha katika filamu ndogo, ikatoroshwa, na kitabu kikapigwa chapa Uswisi mwaka 1980. Huko Moscow kilitoka katika jarida mwaka 1988. Ama ile miswada iliyokamatwa, ilikaa mikononi mwa polisi wa siri na warithi wao mpaka mwaka 2013, ndipo ikatolewa.